Kula kulala wa nyumba yenye uwezo: kinachomfunga si raha (uzi mrefu, kutoka Tabora)

Wakuu, salamu kutoka Tabora.

Wiki tatu zilizopita aliingia dukani kwangu mama mmoja mtu mzima, rafiki wa siku nyingi wa marehemu mama yangu, akanunua chupa mbili za asali ambazo nilijua wazi kuwa hazihitaji, kwa kuwa kwao kuna mizinga. Aliitikia shikamoo yangu, akaketi, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, wewe ulikuwa kama huyu wangu. Ulitokaje?"

Huyu wake ni kijana wa miaka 27. Ana stashahada aliyoiacha katikati, ana chumba cha nje chenye televisheni inayofunika nusu ya ukuta, ana pikipiki ambayo haijawahi kubeba abiria, na tangu mwaka juzi hajafanya kazi hata ya siku moja wala hajafungua kitabu. Nilitafuta jibu la kumpa yule mama sikulipata, nikamwomba anipe muda. Uzi huu ndio muda wenyewe.

Nitangulize mipaka ya mada ili tusigombane bure. Shirika la Kazi Duniani huwahesabu vijana wa miaka 15 hadi 24 wasio kazini, wasio shuleni wala kwenye mafunzo, na kwa hesabu ya mwaka 2023 walikuwa kama mmoja kati ya kila vijana watano duniani. Theluthi mbili yao ni wanawake, na wengi wa hao wanafanya kazi kutwa, ila kuchota maji, kupika na kulea haviingii kwenye daftari la mtu yeyote. Wapo pia maskini waliotafuta kazi hadi soli za viatu zikaisha. Sizungumzii hao. Nazungumzia kijana ambaye mara nyingi umri wake umeshapita hata kipimo hicho: yule ambaye ada ilikuwepo, mtaji upo, jina la baba linafungua mlango wa ofisi, naye saa tano asubuhi bado yuko kitandani. Kijiweni anaitwa kula kulala. Niliitwa hivyo kwa miaka sita. Hiyo ndiyo sifa niliyonayo ya kuanzisha uzi huu, pamoja na mambo niliyoyasoma baadaye nikijitafuta, kwa hiyo wanasaikolojia waliomo humu wanirekebishe pale nitakapokosea.

Baba alikuwa na malori. Msimu wa masoko ya tumbaku yalikwenda Urambo, Kaliua na Sikonge, na msimu ulipokwisha yalibeba saruji, mbolea na chochote kilichopatikana. Nilirudi nyumbani Isevya nikiwa na miaka 22, baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, nikasema napumzika kidogo ili nijipange. Neno hilo la kujipanga mlichunguze, kwa maana sijakutana na kula kulala asiyelitumia. Mwaka wa kwanza nilijipanga kufungua duka la vipuri, wa pili nikajipanga kwenda kusoma nje, wa tatu nilikuwa nimeshaacha hata kutaja ninajipanga kwa ajili ya nini.

Watu hudhani maisha hayo ni raha, na miezi michache ya mwanzo ni raha kweli. Kinachofuata ni jambo nisilokuwa na jina lake wakati ule: saa zilipoteza mipaka. Niliamka saa tano, nikala chakula kilichofunikwa, nikasuka mkeka (yaani kubashiri kwa pesa) wa mechi za jioni, nikalala tena, na nilijua siku imegeuka kwa kusikia honi ya treni ya Kigoma. Nilikuwa na muda wote duniani, lakini kwenda kunyolewa ndevu kwa kinyozi wa jirani kulinichukua siku nne za kupanga. Mtu mwenye shughuli kumi husogeza ya kumi na moja. Asiye na hata moja, hiyo moja humlemea.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Marienthal, nikashtuka kama mtu aliyeona picha yake ukutani kwa watu asiowajua. Marienthal ni kijiji cha Austria, si mbali na Vienna, kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa mwanzoni mwa msukosuko mkubwa wa uchumi, watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuangalia watu wanaishije, na wakachapisha matokeo mwaka 1933. Walikaa dirishani wakipima jinsi watu wanavyopita barabarani, wakaona kuwa wanaume wanatembea polepole kuliko wanawake na wanasimama simama bila sababu. Wengi hawakuvaa tena saa. Maktaba ya kijiji iliondoa ada ya kuazima vitabu, watu wana muda tele, na bado uazimaji ukashuka karibu nusu. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wanaume hawakukumbuka.

Wale walikuwa maskini, wengine walikula mkate mkavu na kahawa ya kuungaunga. Mimi friji ya nyumbani ilikuwa imejaa. Hata hivyo mwendo wangu ulikuwa ni ule ule.

Jahoda alirudi kwenye jambo hilo uzeeni, miaka ya 1980, akasema kuwa ukiuondoa mshahara, kazi bado inampa mtu vitu vitano: ratiba ya siku, kukutana na watu wasio ndugu zake, lengo ambalo ni la wengi, nafasi inayojulikana mbele za watu, na ulazima wa kujishughulisha. Tazameni sasa mzazi mwenye uwezo anachofanya. Anamwona mwanawe hana mshahara, anamlipa yeye. Baba alinilipa vizuri sana kwa kazi nisiyoifanya, lakini yale matano hayakuwa mfukoni mwake.

Hapa ndipo huwa namkumbuka dada yangu. Nyumba ni moja, pesa ni ile ile, na yeye pia alikaa nyumbani karibu mwaka mzima akisubiri kupangiwa kazi. Lakini yeye aliamshwa alfajiri, akatumwa sokoni, akapelekwa kukaa na shangazi aliyelazwa, akashika daftari la michango ya msiba. Haikuwa haki, na hadi leo ananikumbusha kuwa nilikuwa nikipelekewa chai nikiwa nimelala. Ila alikutana na watu kila siku na kila siku kulikuwa na mtu anayemsubiri. Alipoitwa kazini alikwenda. Mimi, mtoto wa kiume aliyeheshimiwa, sikutumwa popote.

Naendelea kesho, macho yamechoka.

Nimerudi, wakuu. Nimesoma michango yote. Mchangiaji mmoja amesema niache kuzunguka, huo ni uvivu mtupu na dawa yake ni jembe. Simpingi kwa hasira, kwa sababu nami nilijiita mvivu kila usiku na neno hilo halikuniamsha hata asubuhi moja. Nina ushahidi kuwa halikutosha. Katika miaka ile niliweza kukesha usiku kucha kwenye gemu, nikirudia hatua moja mara arobaini hadi niivuke. Mvivu harudii kitu mara arobaini. Tofauti ni kwamba kwenye gemu nilishindwa bila mtu kuniona.

Na hapo ndipo kiini kilipo, kwa maoni yangu. Rafiki yangu wa darasa la saba, ambaye baba yake alikuwa akisukuma mkokoteni, alianza na bodaboda ya mkataba. Ilimshinda, akairudisha kwa mwenyewe, akaenda kuuza karanga stendi, nazo zikamshinda, akawa utingo. Hakuna aliyeyazungumza hayo, kwani nani anafuatilia karanga za mtu? Mimi ningefungua duka na likafa, habari ingefika Ipuli na Kiloleni kabla sijafunga mlango: mtoto wa fulani, na mtaji wote ule, ameshindwa. Mwanzo mdogo ulikuwa aibu kwa jina la baba, na mwanzo mkubwa nilijua moyoni kuwa siuwezi. Kati ya hayo mawili kulikuwa na kitanda. Nikiwa kitandani nilibaki kijana mwenye akili ambaye hajaamua tu, na maadamu sijajaribu, hakuna aliyeweza kuthibitisha vinginevyo.

Wamarekani wawili, Steven Berglas na Edward Jones, walichapisha mwaka 1978 jaribio ambalo nadhani linahusu jambo hili hili. Waliwapa wanafunzi wa chuo maswali, wengine wakapewa yasiyo na jibu, kisha wakawaambia wamefaulu vizuri. Kabla ya mtihani wa pili wakawapa nafasi ya kuchagua dawa: moja inasemekana huongeza uwezo wa kufikiri, nyingine huupunguza. Waliosifiwa kwa ushindi wasiojua wameupataje ndio walioelekea kuchagua dawa ya kujiharibia, hasa wanaume. Walitaka wawe na cha kusingizia. Fikirini sasa kijana ambaye tangu utoto nafasi ya shule, simu, leseni na salamu za wakubwa vimemjia bila kujua ni kipi alikistahili mwenyewe. Anasifiwa, lakini hajui sifa hizo zimesimama juu ya nini. Bangi, pombe, mikeka na kulala hadi saa tano ni dawa ile ile ya jaribio, akiulizwa ana cha kusingizia.

Kuna utafiti mwingine ambao ulinigeuza mawazo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kuwa mbwa aliyepigwa shoti za umeme asizoweza kuzizuia, baadaye mara nyingi hulala tu na kuzipokea hata pale anapoweza kuruka kando akazikwepa. Ikaelezwa kuwa amejifunza kutojiweza. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wenyewe waliandika kuwa walikuwa wameisoma kinyume: ubongo ukipatwa na dhiki ya muda mrefu, kulegea ndiko unakoanzia, na kinachojifunzwa ni kule kuhisi kwamba jambo hili liko mkononi mwangu. Asiyewahi kulishika jambo hadi likaitika, hana cha kuamsha.

Mimi sikupigwa na umeme wowote, nilipendwa. Lakini nilipogonga gari nikiwa na miaka 19, lilitengenezwa kabla sijajua gharama. Nilipofeli somo chuoni, alitafutwa mtu wa kuzungumza na mtu. Kila nilipotaka kuusukuma mlango, baba alikuwa ameshaufungua, nami nikakua bila kujua kama mkono wangu una nguvu. Sisemi kwa kumlaumu. Yeye alitembea kwa miguu kwenda shule na aliapa watoto wake hawatateseka, akaitimiza ahadi hiyo hadi mwisho.

Mdau mwingine ameuliza kama haya ni ya Tabora tu. Japani wana tabu kubwa zaidi, na wana neno lake, hikikomori, lililoenezwa na daktari wa akili Saito Tamaki mwaka 1998: mtu anayejifungia nyumbani miezi 6 au zaidi. Serikali yao ilikadiria mwaka 2016 kuwa wenye umri wa miaka 15 hadi 39 ni kama 541,000, na miaka mitatu baadaye ikatangaza kuwa wa miaka 40 hadi 64 ni kama 613,000. Baadhi ya hao wa pili walikuwa vijana wa jana ambao hawakutoka. Sasa wanazungumzia wazazi wa miaka 80 wanaowalisha watoto wa miaka 50. Kwetu mlango haufungwi hivyo, kwa sababu nyumba ina wageni, kuna msiba, kuna harusi, na hata kula kulala lazima aonekane msibani. Nadhani hilo linatusaidia, ingawa pia linatuficha: anayeonekana barazani akinywa kahawa na kashata, akitoa hoja nzuri kuhusu ligi ya Uingereza, hakuna anayemhesabu kuwa amejifungia.

Kwa wale walionijia kwa ujumbe binafsi kuuliza kama ni ugonjwa: inawezekana. Kijana asiyelala, asiyekula, aliyeacha hata anavyovipenda kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti au anayezungumzia kufa, huyo hahitaji uzi wala jembe, apelekwe hospitali, na kwa mkoa wetu aanzie Kitete. Msibahatishe hapo. Suniya Luthar alitumia miaka mingi kuchunguza vijana wa familia tajiri Marekani, na tangu mwaka 1999 alikuwa akionyesha kuwa walitumia vilevi zaidi na walikuwa na wasiwasi zaidi kuliko vijana wa mitaa ya watu wa kipato cha chini. Sababu mbili alizozitaja ni shinikizo la kufaulu na kukosa ukaribu na watu wazima. Hiyo ya pili naijua kwa jina. Baba alipokuwa nyumbani, malori yalikuwa yanapiga simu.

Nikae kidogo kwenye historia yetu, kwa kuwa sisi Wanyamwezi tuna jambo la kusema katika mada hii kuliko Vienna na Tokyo. Karne ya 19 mji huu, uliojulikana kama Kazeh kwa wageni waliopita, ulikuwa njia panda ya misafara, na kijana wa Kinyamwezi alipimwa kwa upagazi. Richard Burton aliyefika hapa mwaka 1857 aliandika kuwa kazi hiyo ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walianza kuizoea kwa kubebeshwa pembe ndogo ya ndovu begani. Mpagazi mzima alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kwa miguu, hadi pwani, na kurudi. Silirembi jambo lile. Watu walikufa njiani na pembe zile zilikuwa na damu yake. Ninachokiangalia ni ile pembe ndogo. Mtoto alianza na mzigo mdogo, na udogo wake haukuwa aibu. Sisi tumewaondolea watoto wetu pembe ndogo, kisha wakifika miaka 25 tunawaonyesha ile kubwa na kuwashangaa.

Baba mmoja ameuliza swali ambalo nililitarajia: amfukuze? Amkatie pesa? Wapo wanauchumi wa Marekani, Douglas Holtz-Eakin na wenzake, waliochunguza urithi mwaka 1993 wakakuta kuwa waliorithi zaidi ya dola 150,000 waliacha kazi mara nne zaidi ya waliorithi chini ya dola 25,000. Kwa hiyo pesa inampa mtu ruhusa ya kukaa, hilo sibishani nalo. Lakini ukimnyang'anya ruhusa hujampa uwezo. Jirani yetu alimtoa mwanawe nje na begi. Kijana akahamia kwa shangazi yake Cheyo, akaendelea kulala, na shangazi akawa ndiye anayelipa. Mimi ningepunguza pesa taratibu na ningeanza kumtuma, tena kwa jambo ambalo asipolifanya litaonekana halijafanyika.

Mama yule aliniuliza nilitokaje, na jibu langu ni dogo kiasi cha kuona haya kuliandika. Baba alikuwa Dar es Salaam, karani wetu akashikwa na homa, na lori lilikuwa Urambo likisubiri mtu wa kuhesabu marobota ya tumbaku na kutia saini. Dereva, mzee aliyenijua tangu nikiwa nabebwa, alinipigia simu saa mbili usiku, wala hakunibembeleza. Nilikwenda kwa sababu sikupata uongo wa haraka. Nilihesabu, nikakosea marobota matatu. Nikamwambia asijali, baba atalipa. Akanijibu: "Baba yako hajahesabu." Akazima taa ya mbele ya lori, akalala kwenye usukani, akaniachia tochi. Nilihesabu hadi karibu alfajiri, nikapata idadi. Lile lilikuwa kosa la kwanza maishani mwangu ambalo lilibaki langu hadi nikalimaliza, na wiki iliyofuata niliomba niende tena. Sikubadilika siku ile. Nilirudi kitandani mara nyingi baada ya hapo. Ila kulikuwa na idadi moja duniani niliyoitafuta mwenyewe.

Narudi kwa mara ya mwisho kwa sababu mmeniuliza habari za kijana wa yule mama.

Nilimwomba mama amwambie kuwa nahitaji mtu wa kupokea asali kutoka Sikonge, Jumatatu saa moja asubuhi. Alikuja saa nne, amevaa viatu vyeupe. Nilimkabidhi daftari na mizani, nikamweleza kuwa ndoo ya lita 20 ya asali safi hufika kilo 28 hivi, ikiwa pungufu sana aitenge tuiangalie kama ina maji. Saa saba alinipa hesabu: ndoo 34. Mimi mzigo uliposhushwa nilihesabu 35. Akaangalia daftari, akaniangalia, akatoa simu na kuniuliza anitumie pesa ya hiyo ndoo moja kwa namba ipi.

Nilimwambia arudi stoo ahesabu tena. Alikaa huko muda mrefu, nami nikiwa kaunta namsikia akisogeza ndoo.